Mgeni Aliyekimbia Kwao

Akina mama wenzetu, sisi wa Dodoma tukisikia neno mkimbizi, mawazo huenda Kigoma. Kumbe wakimbizi waliwahi kuwa majirani zetu hapa hapa, Kongwa. Kuanzia mwaka 1964, serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa hifadhi huko vijana waliokimbia ukoloni na ubaguzi wa rangi: wa ANC kutoka Afrika Kusini, wa SWAPO kutoka Namibia, wa FRELIMO kutoka Msumbiji na wengineo. Chris Hani alikuwa mmoja wao.

Habari zao husimuliwa kwa bunduki na mafunzo ya vita. Akina mama wa Kongwa hawatajwi sana, ingawa vijana wale walinunua vyakula kwao, wakazoeana, na baadhi wakazaa pamoja. Kisha wanaume wakahamishwa kwenda vitani au kambi nyingine. Wapo watoto waliokua bila kuujua upande wa baba, na mama hana hata karatasi moja ya kuwaonyesha.

Ndiyo maana sisi wauguzi, tunapokutana na akina mama kanisani, hatuishii kuchangisha kanga na sabuni. Hayo ni mema, lakini mgeni ana haki pia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi aripoti ndani ya siku saba, na anaweza kuripoti hata kwa afisa mtendaji wa kijiji. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 nao unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Basi mama akibisha hodi na mtoto mgongoni, mpe uji kwanza. Kisha msindikizeni kwa mtendaji, wanawake wawili au watatu. Mgeni aliye peke yake, asiyejua Kiswahili vizuri, hufokewa upesi mno!

Akiwa na uchungu wa kuzaa, zahanati kwanza. Maswali ya vibali yangoje. Mtoto akizaliwa, mama asiondoke bila tangazo la uzazi. Halimfanyi mtoto kuwa raia, la hasha, bali ndilo la kuandikishia cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake, jambo ambalo watoto wale wa Kongwa walilikosa. Mwambieni mama alifunge kwenye mfuko wa nailoni. Mvua zetu za Januari haziogopi makaratasi.