Siku Mpimaji Ajapo Nyumbani

Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba mtu akikuuliza, "Hujambo?" jibu ni moja tu, "Sijambo." Hata mgonjwa aliyelala kitandani, jirani zake wakija kumtazama, husema, "Sijambo kidogo." Ni adabu njema, wala sitaki tuiache. Lakini iko siku moja ambayo jibu hilo laweza kumkosesha mtu haki yake, na habari ya siku hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa.

Mjomba wangu, ambaye naye alisoma katika shule hii hii, anakaa Leicester, nchini Uingereza, na ni raia wa huko kwa miaka mingi sasa. Mwaka 2022 alipatwa na kiharusi. Alitoka hospitali akiwa hai, lakini mguu na mkono wake wa kushoto haikupata tena nguvu zake za zamani. Serikali ya huko hutoa posho kwa watu wenye shida za namna hiyo. Basi mjomba akaiomba, akajibiwa kwamba atakuja mtu nyumbani kwake kumpima.

Mambo ya siku ile nilisimuliwa na binti yake. Mjomba aliamka alfajiri, akavaa suti. Akamwambia binti yake afagie nyumba, auweke mkongojo nyuma ya mlango, na kile kiti cha kuogea akitie stoo, ili mgeni asikute vitu vya ovyo ovyo. Mgeni alipobisha hodi, mjomba akajikaza akamfungulia mwenyewe, akamwandalia chai. Akaulizwa hali yake, akasema, "Njema kabisa, namshukuru Mungu." Akaulizwa kama aweza kupika na kuoga, akasema aweza, kwa kuwa aliona haya kumwambia mwanamke asiyemjua kwamba binti yake ndiye amenyaye viazi na kumshika aingiapo bafuni. Mwisho akamsindikiza mgeni mpaka nje. Usiku ule hakuweza kupanda ngazi kwenda chumbani, akalala kitini na suti yake.

Baada ya majuma kadhaa barua ikaja: amekosa. Wala mtu asidhani kwamba mpimaji alimwonea. Yeye aliandika aliyoyaona na aliyoyasikia. Mjomba ndiye aliyeuficha mkongojo.

Sasa nieleze kazi hiyo jinsi ilivyo.

POSHO YENYEWE. Jina lake ni Personal Independence Payment, na watu huiita PIP. Ilianza mwaka 2013, ikachukua polepole nafasi ya posho ya watu wazima iliyokuwapo tangu mwaka 1992. (Scotland wana posho yao wenyewe tangu mwaka 2022, nayo ina utaratibu wake.) Mwombaji awe na umri wa miaka 16 au zaidi, na aombe kabla ya kufikia umri wa pensheni ya serikali. Hawaulizi ana mali kiasi gani, wala kuwa na kazi hakumzuii. Lakini kwa kawaida shida yake iwe imekwisha kuwapo miezi 3, na itazamiwe kuendelea miezi 9 mingine.

Tena kwa kawaida awe amekaa huko muda wa miaka 2 katika 3 iliyopita, na ruhusa yake ya kukaa isiwe na katazo la kupokea fedha za umma. Mwenye katazo hilo asithubutu kuomba kabla ya kumwuliza mshauri ajuaye sheria, maana kuomba tu kwaweza kumharibia ruhusa yake.

ALAMA. Sisi wanafunzi tutalifahamu jambo hili upesi, kwa sababu ni kama mtihani. Liko fungu la maisha ya kila siku, lenye mambo 10: kupika, kula, kutumia dawa na matibabu, kuoga, kwenda msalani, kuvaa, kusema na kusikia, kusoma, kuchanganyika na watu, na kuamua matumizi ya fedha. Liko na fungu la pili la mwendo, lenye mambo 2: kupanga safari na kuifuata njia, na kutembea kwa miguu. Kila jambo lina alama zake. Apataye alama 8 katika fungu hupewa posho ya kawaida ya fungu hilo, na apataye 12 hupewa ile kubwa. Alama za fungu moja haziongezwi katika fungu la pili.

Tuchukue mfano wa kupika. Awezaye kujipikia chakula chepesi bila shida hapati alama hata moja. Ahitajiye chombo cha kumsaidia hupata 2, ahitajiye mtu wa kumsaidia au kumwangalia hupata 4, na asiyeweza kabisa hupata 8. Katika kutembea, awezaye kwenda zaidi ya meta 50 lakini si zaidi ya 200 hupata alama 4. Aishiaye kati ya meta 20 na 50, tena kwa mkongojo, hupata 10. Asiyezipita meta 20 hupata 12.

Mtaona kwamba mtihani huu ni kinyume cha mitihani yetu. Sisi twajitahidi kuonyesha yote tunayoyaweza, nasi twasifiwa. Huko mtu aulizwa asiyoyaweza, na ajionyeshaye hodari kwa saa moja hupata sifuri.

MANENO MANNE. Hapa ndipo watu wengi wajikwaapo. Sheria haisemi tu, "Aweza?" Yauliza kama aweza kwa salama, kwa namna ifaayo, kwa kurudia kila inapohitajiwa, na kwa muda wa kiasi, yaani usizidi mara mbili ya muda wa mtu asiye na ulemavu. Likikosekana moja katika hayo manne, ahesabiwa kwamba hawezi. Mjomba aliweza kwenda kutoka kitini mpaka langoni, ni kweli. Lakini hakuweza kurudia, na aliposhindwa na ngazi usiku ule mpimaji alikuwa amekwisha kwenda zake. Angalisema, "Nitakusindikiza, lakini baada ya hapo sitasimama tena leo," angalikuwa amesema kweli yote.

Kadhalika hawahesabu siku moja. Watazama mambo yalivyo katika zaidi ya nusu ya siku. Kwa hiyo mtu aliye na siku nzuri na siku mbaya aeleze zote mbili, aseme katika juma moja nzuri ni ngapi na mbaya ni ngapi, hata kama mpimaji amemkuta katika siku nzuri.

KABLA YA SIKU YENYEWE. Kwanza iko fomu ndefu ambayo kwa kawaida hutakiwa irudishwe kwa mwezi mmoja. Mwenye kuijaza abaki na nakala yake, aisome tena kabla ya kupimwa, maana maswali yatafuata mambo yale yale.

Pili, si kila mtu hupimwa nyumbani. Wengine hupimwa kwa simu, wengine kwa video, wengine katika kituo, na wengine huamuliwa kwa karatasi zao tu. Atakaye kupimwa nyumbani hana budi kuomba na kueleza sababu, na barua ya daktari humsaidia sana.

Tatu, aandike daftari la siku zake kwa majuma mawili: leo nimeanguka mara ngapi, nani amenivalisha soksi, nimeunguza nini jikoni, nimetembea mpaka wapi nikasimama. Daftari la namna hiyo lina nguvu kuliko kusema, "Napata taabu sana."

Nne, aweke tayari mezani karatasi za hospitali, dawa zote anazotumia, na kitambulisho.

Tano, yuko huru kuwa na mtu wake wa karibu siku hiyo, na mtu huyo aweza kusema pia. Ambaye Kiingereza chake si kizuri aombe mkalimani mapema. Mtu aweza kukijua Kiingereza cha dukani na kazini, asikijue Kiingereza cha kueleza maumivu. Vilevile aweza kuomba mazungumzo yarekodiwe, naye aombe mapema.

Sita, nyumba ibaki kama ilivyo. Kufagia si dhambi, lakini mkongojo ukae pale unapokaa siku zote, na kiti cha kuogea kibaki bafuni. Vitu hivyo ni mashahidi.

SIKU YENYEWE. Mpimaji ni mtaalamu wa afya, kama muuguzi au mtaalamu wa viungo. Hakuja kutibu. Aanza kazi yake tangu mlango unapofunguliwa: nani amefungua, amefikaje mlangoni, ameketi kwa namna gani. Basi ikiwa kila siku binti ndiye afunguaye, na leo afungue yeye. Ikiwa kila siku mgonjwa hapiki chai, na leo asiipike. Mgeni hatakasirika kwa kukosa chai.

Huweza kuulizwa maswali madogo yaonekanayo kama mazungumzo tu: jana ulifanya nini, dukani huenda nani, unapenda kutazama nini katika televisheni. Yote yana kazi yake. Ukisema, "Naenda dukani," aweza kuandika kwamba watembea vizuri. Sema, "Naenda mara moja kwa juma, binti yangu akinishika mkono, nasimama mara tatu njiani, na kesho yake nalala." Neno "naweza" lisisimame peke yake. Lifuatwe na "lakini" yake, kama iko.

Pengine mpimaji atamwomba ainue mkono au akunje goti. Lile liumizalo asilifanye kwa kujikaza. Aseme kwamba laumiza, aachie hapo.

Na juu ya haya yote, asiongeze chumvi. Njia ya mwongo ni fupi, na mwenye kujifanya hawezi kabisa, kisha akaonekana sokoni na kapu, ajiharibia mwenyewe na kuwatilia wengine mashaka. Siwashauri watu walie mbele ya mpimaji. Nasema waseme hali yao kama ilivyo siku zote, bila kuipunguza na bila kuizidisha.

BAADAYE. Mpimaji haamui. Yeye hupeleka taarifa, na ofisa wa serikali ndiye aamuaye. Mwombaji aweza kuitaka nakala ya taarifa ile, aone kilichoandikwa. Akiona hakuridhika, ana mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe tena. Wakikataa mara ya pili, ana mwezi mmoja mwingine wa kukata rufani katika baraza la sheria lisilo chini ya ofisi ile, na rufani hiyo hailipiwi.

Mjomba alikata rufani. Katika barua ya kwanza alikuwa na alama 2 za kupika na 4 za kutembea, akakosa mafungu yote mawili. Safari hii binti yake alipeleka daftari la majuma mawili, na mjomba akaenda na mkongojo wake mkononi. Hakimu alipomwuliza hali yake, dada yangu asema mjomba alinyamaza kitambo kirefu, kisha akajibu, "Si njema. Siwezi kuingia bafuni bila mtoto wangu." Alama zikawa 11 katika fungu la kwanza, na 10 katika la pili. Hakuna jambo jipya lililokuwa limemzidi mwilini. Lakini muda ule wote wa kungoja dada yangu alikuwa amepunguza saa zake za kazi ili amwuguze, na kodi ya nyumba haikumngoja.

Nilipozungumza na mjomba kwa simu mwezi uliopita, nilimwuliza kwa desturi, "Hujambo, mjomba?" Akacheka, akasema, "Wewe nitakujibu sijambo, kwa kuwa hushiki kalamu."

Ndugu zangu, huenda wengine mtasema Leicester ni mbali, yatuhusu nini? Lakini wako wakubwa wetu wa shule hii wanaokaa huko, nao wanazeeka kama watu wote. Tena hata hapa kwetu, mwanafunzi ndiye msomaji wa barua na mjazaji wa fomu katika nyumba yake. Siku moja mzazi au babu atakuweka karibu ili umjibie mtu wa ofisini au daktari, naye kwa heshima yake atasema, "Sijambo." Basi wewe umkumbushe kwa upole kwamba anayeuliza leo hakuja kusalimu. Wazee wamesema, mficha maradhi kilio humfichua.