Pikapu yako inakula mafuta kiasi gani? Ujumbe wa malipo hauwezi kukuambia peke yake

Uliza dereva wa pikapu pale Makutano, mjini Meru, gari lake linakula mafuta kiasi gani. Mara nyingi jibu litakuja kwa shilingi: "Ya elfu nne inanifikisha Embu na kunirudisha." Ndivyo tulivyozoea kununua mafuta. Tunamwambia mhudumu wa pampu aweke ya elfu moja au ya elfu mbili, tunalipa kwa simu, ujumbe unaingia, tunaondoka.

Ujumbe huo unakuonyesha kiasi ulicholipa, tarehe, saa na jina la kituo. Lita hazimo. Kilomita hazimo. Kama unabeba ndizi za watu kutoka Nkubu na unatakiwa kutaja bei ya usafiri kwa simu sasa hivi, pengo hilo linaweza kula faida yako yote. Na kama wewe ni mwenye gari na umemwajiri mtu, pengo hilo hilo linaweza kumfanya dereva mwaminifu aonekane mwizi wa mafuta.

Hapa chini tunaeleza namna ya kujua kiwango halisi cha pikapu yako, kwenye barabara zako na mzigo wako, ukitumia rekodi za malipo ulizo nazo tayari kwenye simu.

Kwa nini "ya elfu mbili" si kipimo

Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei mpya za juu kabisa za mafuta. Bei hizo huanza kutumika tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na kila mji una bei yake. Bei ya Meru au Embu si lazima iwe ile uliyoisikia kwenye redio ikitajwa ya Nairobi.

Tuangalie mfano. Katika bei zilizoanza tarehe 15 Oktoba 2023, dizeli jijini Nairobi ilikuwa shilingi 205.47 kwa lita. Katika bei zilizoanza tarehe 15 Julai 2025, ilikuwa shilingi 171.58. Ukiweka ya elfu mbili wakati ule wa kwanza ulipata lita 9.7. Wakati ule wa pili ulipata lita 11.7. Shilingi ni zile zile, lakini tofauti ni karibu lita mbili.

Kwa hivyo dereva anayesema "siku hizi gari inakunywa sana" huenda anazungumzia bei, wala si injini. Na mwenye gari anayeona matumizi yametulia kwenye stetimenti huenda haoni kwamba bei imeshuka na gari limeanza kuharibika. Mpaka ubadilishe shilingi kuwa lita, huwezi kutofautisha hayo mawili.

Kubadilisha ni rahisi: gawanya pesa ulizolipa kwa bei ya lita moja iliyoandikwa kwenye pampu. Au soma lita kwenye pampu yenyewe au kwenye risiti kabla hujaondoka.

Namba ya kwenye karatasi haikupimwa huku kwetu

Kila gari jipya huja na namba ya kampuni inayosema litatumia lita kadhaa kwa kilomita 100. Namba hiyo hupimwa ndani ya maabara, gari likiwa juu ya roli zinazozunguka, kwa mwendo uliopangwa, bila matope, bila gunia la viazi nyuma na bila mlima wa kweli.

Mwaka 2016 shirika la utafiti wa usafiri la ICCT lilionyesha kwamba kwa magari madogo mapya ya Ulaya, pengo kati ya namba rasmi na matumizi halisi barabarani lilikuwa limepanda kutoka asilimia 9 mwaka 2001 hadi asilimia 42 mwaka 2015. Ulaya ilianza kutumia kipimo kipya kiitwacho WLTP mwaka 2017, ambacho kiko karibu zaidi na ukweli, lakini hicho nacho hakijui barabara ya Chuka.

Pikapu ina shida moja zaidi: kazi yake ni kubeba. Hilux au D-Max tupu na ile iliyobeba tani moja ni kama magari mawili tofauti. Namba moja haiwezi kuyaeleza yote mawili.

Mabonde yetu yanadai kiasi gani?

Barabara ya Embu kwenda Meru inapita ubavuni mwa Mlima Kenya na kukata mito inayoteremka kuelekea Tana: Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo. Unashuka, unavuka daraja, unapanda. Halafu unaanza upya.

Kupanda kunaweza kuhesabiwa. Chukua pikapu yenye uzito wa tani mbili pamoja na dereva, ikiwa na mzigo wa tani moja. Kuinua tani hizo tatu mita 100 kwenda juu kunahitaji takriban robo lita ya dizeli, kwa sababu injini ya dizeli hugeuza kama theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi; iliyobaki inapotea kama joto. Panda mara kumi namna hiyo na umetumia lita mbili na nusu juu ya yale mafuta ambayo ungetumia kwenye barabara tambarare. Gari likiwa tupu, kupanda huko huko kunadai kama lita moja na theluthi mbili.

"Si nitarudishiwa nikiteremka?" Kiasi fulani, ndiyo. Lakini kila unapokanyaga breki, nguvu uliyoilipia wakati wa kupanda inageuka kuwa joto kwenye breki, na hairudi.

Pima mwenyewe: kutoka tangi kujaa hadi tangi kujaa

Huhitaji kifaa chochote. Unahitaji simu na nidhamu ya wiki moja.

1. Jaza tangi. Nozeli ikijikata yenyewe mara ya kwanza, simama hapo. Piga picha namba ya kilomita kwenye dashibodi.
2. Endelea na kazi kama kawaida. Ukiongeza ya elfu moja hapa na ya elfu mbili pale, hakuna shida. Kila mara piga picha ya pampu ionyeshe lita.
3. Baada ya wiki, rudi kituo kile kile, na ikiwezekana pampu ile ile, gari likiwa mahali tambarare. Jaza tena hadi nozeli ijikate. Piga picha ya kilomita.
4. Jumlisha lita zote ulizoongeza, pamoja na zile za mwisho. Usihesabu zile za kujaza mara ya kwanza. Gawanya kilomita kwa lita.

Mfano: ulianza na kilomita 120,400. Katika wiki uliongeza lita 11, kisha 6, kisha 12, na mwisho tangi likajaa kwa lita 15. Jumla ni lita 44. Kilomita sasa zinasoma 120,796, yaani umeenda kilomita 396. Ukigawanya kwa 44 unapata kilomita 9 kwa kila lita.

Kipimo kimoja kinaweza kukudanganya kidogo, kwa sababu gari likiinama upande mmoja tangi hujaa mapema. Fanya mara tatu, uchukue wastani. Mwisho wa mwezi, fungua stetimenti yako ya malipo na ulinganishe: kila malipo ya kituo cha mafuta yanapaswa kuwa na picha yake ya pampu. Ukikosa hata moja, hesabu ya wiki hiyo haitakuwa sawa.

Kutoka lita hadi bei ya mteja

Tuseme safari yako ni kilomita 250 kwenda na kurudi, na tutumie shilingi 170 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi.

Ukiamini namba ya karatasi, kwa mfano kilomita 13 kwa lita, utadhani unahitaji mafuta ya shilingi 3,270. Kama ukweli wako ni kilomita 9 kwa lita, utatumia shilingi 4,720. Hiyo ni tofauti ya shilingi 1,450 kwa safari moja, na inatoka mfukoni mwako kwa sababu mteja tayari mmekubaliana bei.

Sasa tutenganishe kwenda na kurudi. Tuseme ukibeba kilo 1,000 unapata kilomita 8 kwa lita, na ukirudi tupu unapata 11. Utatumia lita 27, yaani shilingi 4,590. Kila kilo imebebwa kwa shilingi 4.60 hivi. Ukibeba kilo 500 pekee, gari litakula kidogo zaidi ya lita 24, takriban shilingi 4,170. Umeokoa shilingi 420 hivi kwenye pampu, lakini kila kilo sasa imegharimu zaidi ya shilingi 8.

Maana yake ni hii: gari linalokula mafuta kidogo si lazima liwe ndilo linaloleta faida. Safari ya kurudi tupu peke yake imekula shilingi 1,930. Ukipata hata magunia machache ya mchele wa Mwea ya kurudisha Meru, umesaidia zaidi kuliko ujanja wowote wa kukanyaga mafuta polepole. Ila usizidishe uzito uliowekwa na mtengenezaji wa gari. Breki na tairi hazijui kwamba unaokoa pesa.

Yanayosaidia, na yasiyosaidia

*Mwendo.* Miraa ya Igembe ikikauka bei inaanguka, ndiyo maana pikapu za Maua hukimbia. Lakini upepo unaolisukuma gari nyuma hauongezeki sawasawa na mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, nguvu ya upepo karibu inazidishwa mara mbili. Kama mzigo wako ni viazi au mbao, hakuna sababu ya kulipia mbio za miraa.

*Kuteremka na free.* Hii ndiyo imani ya hatari kuliko zote. Wengi huweka gia free wakiteremka ili "kuokoa mafuta." Kwenye injini za kisasa zenye kompyuta, ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka free, injini inahitaji mafuta ili isizime. Kwa hivyo free inakula zaidi. Tena inakunyima msaada wa injini, breki zinabaki peke yake, zinapata moto na kulegea. Pale daraja la Nithi, katika kaunti ya Tharaka Nithi, basi lilitumbukia bondeni Julai 2022 na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mteremko ule hauna nafasi ya majaribio. Weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, hata kama gari lako ni la zamani.

*Upepo wa tairi.* Kila PSI moja inayopungua kwenye tairi zote nne huongeza matumizi kwa takriban asilimia 0.2. PSI kumi pungufu ni asilimia mbili hivi, na tairi inaisha mapema. Pima asubuhi kabla tairi hazijapata moto.

*Kungoja injini ikiwa inanguruma.* Dizeli ya pikapu hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa ikiwa imesimama. Ukingoja mzigo sokoni, zima.

*Filta ya hewa.* Ikiwa chafu kwenye injini ya kisasa, gari linakuwa zito kupanda, lakini mafuta hayabadiliki sana. Ibadilishe kwa ajili ya injini. Usitarajie muujiza kwenye pampu.

Mwenye gari na dereva wake

Ugomvi mkubwa wa mafuta hauko kwenye pampu. Uko kati ya watu wawili wanaotazama stetimenti moja. "Wiki iliyopita ulitumia elfu kumi na mbili, wiki hii elfu kumi na tano. Zingine zimeenda wapi?" Huenda bei ilibadilika tarehe 15. Huenda wiki hii mizigo ilikuwa mizito na njia ilikuwa ya Embu badala ya Timau. Au huenda kweli kuna mafuta yanayonyonywa usiku.

Mkiwa na lita na kilomita, mnaweza kujua. Linganisha njia ile ile na mzigo ule ule. Kiwango kikishuka kwenye matangi mawili au matatu mfululizo, anza na vitu rahisi: tairi, breki inayoshika, uvujaji chini ya gari, nozeli za injini. Yakiisha hayo ndipo muulizane maswali magumu.

Ni vyema pia mwenye gari alipe moja kwa moja kwenye till ya kituo wakati dereva yuko pampuni, badala ya kutuma pesa kwa simu ya dereva. Dereva anatuma picha ya pampu na ya dashibodi, mwenye gari analipa, wote wawili wanabaki na ushahidi unaolingana. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina la kituo linalotokea kwenye simu. Na PIN ni yako peke yako: usimpe dereva wala mhudumu wa pampu, hata kama foleni ni ndefu.

Ukijaza tangi leo, piga ile picha ya kwanza ya dashibodi. Kufikia wiki ijayo utakuwa na namba yako mwenyewe, na mteja akikupigia kuuliza bei ya kubeba mzigo hadi Embu, utamjibu kwa hesabu.