Kwa nini dereva mpya wa trela hafai kuachiwa usukani mapema

KATIKA safari ndefu ya kutoka Mombasa hadi Malaba kuna shule isiyo na darasa wala cheti. Usiku wa manane, dereva aliyelemewa na usingizi humwamsha utingo wake, humkabidhi usukani na kumwambia aende polepole, kisha yeye hujinyoosha kitandani nyuma ya viti. Barabara ikiwa tambarare na tupu, kijana huyo huendesha vyema, na kufikia alfajiri huwa anaamini kwamba amekuwa dereva wa trela.

Baadaye hupata leseni, kisha akapata tajiri aliye na lori lisilo na dereva. Safari yake ya kwanza akiwa peke yake huenda ndiyo ikawa mara yake ya kwanza kukutana na mteremko mrefu huku mvua ikinyesha na mzigo umejaa pomoni.

Hapo ndipo swali huzuka. Mbona mtu ambaye tayari anajua kuendesha gari ahitaji majuma au hata miezi ya kufunzwa kabla ya kuachiwa lori? Wapo wenye malori wanaouona muda huo kuwa hasara, na wapo vijana wanaoamini kwamba ni njama ya kuwacheleweshea mshahara.

Jibu limo katika jambo ambalo mwenye gari dogo aghalabu halifikirii, nalo ni uzani.

Uzani usiosimama upesi

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye ekseli saba kuwa na uzani wa hadi tani 56, gari na mzigo kwa pamoja. Gari dogo la familia lina tani moja na nusu hivi. Magari hayo mawili yakienda kwa mwendo uleule, lori huwa na nguvu ya mwendo inayozidi ya gari dogo zaidi ya mara 30, na nguvu hiyo yote sharti imezwe na breki kabla lori halijasimama. Mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nne.

Isitoshe, breki za lori huendeshwa kwa upepo uliokandamizwa, ilhali za gari dogo hutumia mafuta. Dereva anapokanyaga, upepo huchukua muda kusafiri katika mabomba hadi magurudumu ya nyuma kabisa ya trela. Nusu sekunde huonekana kuwa kitu kidogo. Hata hivyo, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husogea mita 11 katika muda huo. Ukijumlisha na muda ambao dereva mwenyewe huchukua kutambua hatari, lori huwa limekwenda makumi ya mita kabla breki hazijaanza kushika.

Kwa hivyo jambo la kwanza ambalo dereva mpya hujifunza ni kutazama mbali. Macho yake yamezoea umbali wa gari dogo, na umbali huo katika lori ni mauti. Anaweza kuelezwa hayo kwa dakika tano, lakini mguu na macho huyazoea baada ya siku nyingi. Tena sharti azoee hali mbili, kwa kuwa lori tupu halina tabia za lori lililojaa. Lililojaa hukawia kusimama, ilhali tupu huweza kufunga magurudumu na kuteleza.

Hesabu ya mteremko

Barabara yetu kuu huanza Mombasa kwenye usawa wa bahari na kupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu. Kati ya Limuru na Naivasha huteremka Bonde la Ufa, na anayetoka Mau Summit kwenda Nakuru hushuka kwa kilomita nyingi akipitia Sachangwan, Migaa na Salgaa.

Chukua lori la tani 50 linaloshuka mteremko ambao mwisho wake uko mita 100 chini ya mwanzo wake. Dereva akitegemea breki za mguu pekee kulizuia, breki hizo hupokea joto linalotosha kuchemsha takriban lita 150 za maji. Miteremko tuliyoitaja huzidi kimo hicho.

Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Dereva hukanyaga na gari lisiitike. Akizidi kukanyaga na kuachilia kwa hofu, humaliza upepo kwa kasi kuliko pampu inavyoweza kuurudisha. Watu husema baadaye kwamba lori lilikatika breki, kumbe breki zilikuwapo na zilichomwa zikiwa kazini.

Kinga yake ni kuingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, ili injini yenyewe ilishike gari na breki za mguu zibaki kuwa akiba. Lori likishapata kasi, gia hiyo huenda isikubali kuingia tena, na anayejaribu kuibadilisha huweza kubaki bila gia yoyote.

Uamuzi wa kuokoa maisha, basi, hufanywa wakati ambapo hakuna dalili yoyote ya hatari. Anayeufanya sharti awe anaujua mteremko ulio mbele: unaanzia wapi, una urefu gani, una kona ngapi na mwisho wake kuna nini. Hii ndiyo sababu mwanafunzi hupaswa kupitishwa njia hiyohiyo mara nyingi, akiwa na mzigo na bila mzigo, mchana na usiku, katika kiangazi na katika ukungu wa Limuru na Timboroa.

Kuna pia mazoea ambayo utingo huyarithi bila kujua ubaya wake. Baadhi ya madereva hutoa gia kwenye mteremko na kuliacha lori liserereke, ili wabane mafuta na pengine wauze yaliyobaki. Desturi hiyo imelaumiwa mara kwa mara kwa maafa ya eneo la Salgaa. Kijana aliyeona bosi wake akifanya hivyo mara 50 bila ajali huamini kwamba huo ndio ujuzi.

Mnamo Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana eneo la Migaa na watu 36 wakafariki. Mnamo Juni 30, 2023, trela lilitoka barabarani katika makutano ya Londiani na kuwavamia wachuuzi, wapita njia na wahudumu wa bodaboda, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Haitakuwa haki kumtwika dereva mpya lawama za maafa kama haya, kwani kila ajali ina sababu zake na hata madereva wazoefu hukosea. Hata hivyo, yanaonyesha ni nini hutokea uzani huo unapoponyoka.

Trela na tabia zake

Trela hugeuka kwa namna yake. Kichwa kikikata kona, magurudumu ya nyuma hupita njia fupi zaidi, karibu na ukingo wa barabara. Dereva asiyetanua kona huweza kukipita salama kituo cha bodaboda kwa mbele, kisha akakikumba kwa nyuma. Nalo kontena la futi 40, ambalo urefu wake ni mita 12 hivi, humziba asione chochote kilicho nyuma yake, huku kukiwa na sehemu za ubavuni ambazo vioo havizifikii.

Kurudi nyuma ni somo jingine, kwa maana usukani ukizungushwa kulia, mkia wa trela huelekea kushoto. Kwenye utelezi, breki zikikanyagwa ghafla, trela huweza kusukuma kichwa hadi viwili hivyo vikajikunja kama kisu cha mfukoni.

Mzigo nao hutofautiana. Mafuta katika tangi ambalo halikujaa hupiga mawimbi, na wimbi hilo huweza kulisukuma lori mbele baada ya kufunga breki au kulipindua kwenye kona. Lori la mafuta lilipinduka Sachangwan mnamo Januari 31, 2009, wakazi wakamiminika kuchota petroli, kisha moto ukalipuka na kuwaua zaidi ya watu 100. Anayebeba mafuta sharti ajue kuliepusha tangi lisipinduke, na pia jinsi ya kuwaweka watu mbali iwapo litapinduka.

Kabla ya yote hayo kuna ukaguzi wa asubuhi: kusikiliza kama upepo unavuja, kusoma geji, kuhakikisha kichwa kimeshikana barabara na trela, na kutazama kufuli za kontena. Dereva mwenye haraka huyaruka haya kwa sababu siku nyingi huwa hakuna kasoro. Mwalimu mzuri humrudisha chini akague upya.

Usingizi, nao, hauna geji. Sheria ya trafiki nchini inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Kuijua sheria hiyo ni rahisi, lakini kumwambia tajiri kwa simu kwamba umeegesha kwa sababu umechoka ni jambo linalohitaji ujasiri. Dereva mgeni anayeogopa kupoteza kazi mara nyingi hana ujasiri huo.

Mafunzo yawe vipi?

Nchini Kenya leseni za malori zimepangwa kwa ngazi, kuanzia lori dogo hadi kufikia trela. Mpango huo ni mwema, ila leseni huthibitisha tu kwamba mtu alifaulu mtihani siku fulani. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni iliyoanzia mwaka 2003 kwa kawaida humtaka dereva mpya wa malori ya biashara apate mafunzo ya saa 280, au saa 140 katika kozi ya haraka, na baada ya hapo saa 35 kila miaka mitano. Nchini Marekani, ni kawaida kwa kampuni za uchukuzi kumweka dereva mpya pamoja na mkufunzi kwa majuma kadhaa barabarani, hata kama leseni anayo mfukoni.

Huku kwetu mkufunzi huyo tunaye tayari, naye ni dereva mzoefu anayesafiri na utingo. Kinachokosekana ni utaratibu. Mwanafunzi aanzie uwanjani, ajifunze kuunganisha na kurudi nyuma. Kisha aendeshe lori tupu, halafu lenye mzigo barabara ya tambarare mchana, na mwisho miteremko, mvua na usiku. Kila hatua mkufunzi awe macho kando yake, tena awe na mamlaka ya kusema kwamba fulani hajaiva. Naye utingo alipwe siku hizo zote, la sivyo njaa itamfanya adai usukani kabla ya wakati.

Gharama ipo, na mwenye lori ana haki ya kuihesabu. Lakini katika hesabu hiyo aweke pia bei ya kichwa na trela, mzigo wa watu, na kesi itakayofuata. Kisha amkumbuke mama anayeuza viazi chini ya mteremko, ambaye hana njia ya kujua ni nani ameshika usukani wa lori linaloshuka.

Ajali haina kinga, wasema Waswahili. Hii ya dereva asiyeiva inayo.