Zaburi Kama Kipimo cha Mbio Katika Umri wa Makamo

Machi 24, 2007, wanariadha bora wa dunia walikusanyika kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya Barabara ya Mama Ngina, Mombasa, kuwania ubingwa wa mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, kijana wa miaka 24 aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo mara tano mfululizo, alishindwa kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa taji. Wengine wengi waliacha njiani au walifika wakiwa hoi, kwa kuwa joto la Machi na unyevu wa hewa ya pwani viliizuia miili yao kujipoza. Mkristo wa miaka 45 au 55 anayeishi Kizingo, Tudor au Mji wa Kale, na anayetaka kuanza kukimbia kwa ajili ya afya yake, ana la kujifunza hapo. Hatari yake kubwa ni kwenda kwa kasi isiyolingana na hewa wala umri. Kama amelelewa kanisani, kipimo kizuri cha kasi hiyo anacho tayari kichwani: Zaburi ya 23, mistari sita anayoweza kuisema kwa sauti bila kufungua kitabu.

Kipimo cha namna hii kimechunguzwa maabara. Kundi la mtafiti wa mazoezi Carl Foster katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse, Marekani, liliwafanyisha watu mazoezi kwa kasi iliyopanda hatua kwa hatua, na katika kila hatua likawataka waseme kiapo cha bendera, maneno ambayo Wamarekani huyahifadhi tangu shuleni. Aliyeyasema bila taabu alikuwa bado katika kiwango ambacho moyo na mapafu huweza kukihimili kwa muda mrefu. Aliyeanza kusitasita alikuwa amefika ukingoni. Sababu iko ndani ya damu: misuli ikisukumwa sana, asidi huongezeka, mwili huizimua, na katika kuizimua hutokea kabonidayoksaidi zaidi ambayo mapafu hayana budi kuitoa kwa kuhema upesi. Mtu anayehema hivyo hana pumzi ya kutamka sentensi nzima. Ukiweza kuusema mstari wa zaburi mpaka mwisho wake, mwendo wako unakufaa. Ukikatika kila baada ya maneno matatu, punguza, na ikibidi tembea.

Kwa mtu wa Mombasa, uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hujirekebisha chenyewe. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi, na hewa iliyojaa unyevu hulichelewesha kukauka. Moyo hulazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi huku misuli nayo ikidai yake, hivyo mapigo hupanda ingawa kasi haijabadilika. Mwendo uliokuwa mwepesi Julai wakati wa kusi unaweza kuwa mzito Februari wakati wa kaskazi. Saa ya mkononi inayoonyesha kasi haitakwambia hilo, na ratiba iliyoandikwa kwa mtu wa Iten, mji wa wakimbiaji kwenye nyanda za juu, haitakufaa. Hata ile kanuni ya kutoa umri kutoka 220 ili kupata kikomo cha mapigo hukosea kwa mapigo kumi au zaidi kwa watu wengi, na kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha, zile zinazopunguza kasi ya moyo, inapotosha kabisa. Pumzi haidanganyi kirahisi namna hiyo. Jirani Mwislamu atakayetumia sura fupi au dhikri zake atapata kipimo kilekile.

Je, mwendo wa polepole hivyo una faida yoyote? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 55,137 kwa wastani wa miaka 15. Waliokuwa wakikimbia walikuwa na hatari ya kufa kwa sababu yoyote iliyo chini kwa asilimia 30 kuliko wasiokimbia, na ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa chini kwa asilimia 45, na faida ilionekana hata kwa waliokimbia dakika tano hadi kumi kwa siku kwa kasi ndogo. Kweli, utafiti wa kufuatilia hauwezi kuthibitisha kwamba mbio pekee ndizo zilizowalinda, maana mwenye afya ndiye anayependa kukimbia. Lakini mwaka 2018 timu ya daktari wa moyo Benjamin Levine huko Dallas iliripoti jaribio halisi: watu wa miaka 45 hadi 64 waliozoea kukaa tu walipofanya mazoezi kwa miaka miwili, yakichanganya siku nyepesi na chache ngumu, mioyo yao iliyokuwa imeanza kukakamaa ililainika, na uwezo wao wa kutumia oksijeni ukapanda kwa takriban asilimia 18. Kuhusu magoti, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2017 ulikuta ugonjwa wa viungo vya nyonga na goti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kawaida, dhidi ya asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Waliokimbia kwa ushindani walifikia 13.3. Kiasi ndicho kinachoonekana kulinda.

Pingamizi zito zaidi hutoka kanisani. Wako wanaosema kwamba Paulo, akimwandikia Timotheo, aliyaweka mazoezi ya mwili chini ya utauwa. Ni kweli, aliyalinganisha, na mwenye imani hawezi kuupindua mpangilio huo. Ila hakuyalaani, na ni Paulo huyohuyo aliyewafundisha Wakorintho, watu walioishi karibu na michezo ya Isthmia, kwa mfano wa mkimbiaji anayejitawala. Wengine huhofu kwamba zaburi ikifanywa kipimo cha pumzi, sala inashushwa kuwa chombo. Hofu hii nina heshima nayo. Jibu langu ni kwamba anayekimbia polepole kiasi cha kuweza kuomba ana nafasi ya kuomba kweli, na anayekimbia kushindana na majirani hana nafasi hiyo. Tena Biblia yenyewe inajua mipaka ya mwili: Eliya, baada ya kukimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, muda si mrefu alilala chini ya mretemu akiwa amekata tamaa, na malaika akamwamsha mara mbili ale na kunywa kabla hajaambiwa neno lolote juu ya kazi yake. Anayetoka kwenye kesha la Ijumaa asikimbie Jumamosi alfajiri, alale. Anayefunga bila maji naye aache mbio siku hiyo. Na kwa kuwa kano za mtu wa makamo hupona polepole kuliko misuli yake, siku moja ya mbio na moja ya kupumzika ni mpango wa busara.

Wakati mzuri ni baada ya adhana ya alfajiri, kunapoanza kupambazuka. Mama Ngina kuna upepo wa bahari na vivuli vya mibuyu. Ndia Kuu na vichochoro vya Mji wa Kale ni vya kutembea mwisho wa mbio, kwa mavazi ya heshima, bila kupita kwa fujo mbele ya milango ya watu. Kwa mbio za nusu saa maji yanatosha; dafu lina potasiamu nyingi, lakini chumvi inayotoka na jasho huirudishi kwa dafu pekee, kwa hiyo kula chakula chako cha kawaida.

Imani haiondoi haja ya kupimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata ghafla ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Naziomba parokia na makanisa ya kisiwani, kuanzia Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu hadi Kanisa Kuu la Kianglikana, ziweke mashine ya presha na muuguzi mlangoni baada ya ibada, na kila muumini aliyefikisha miaka 40 apimwe kabla ya kuvaa raba.