Barabara ituonye kabla ya njia panda

Kila asubuhi kwenye barabara zinazoingia Kisangani, ile ya Ituri, ya Buta na ya Lubutu, tunawaona wenzetu. Mmoja anasukuma kinga yenye magunia ya makala, mwingine amebeba sombe kichwani, na mtoto mgongoni. Watoto nao wanavuka kwenda masomoni.

Hatari kubwa iko pale njia ya kijiji inapotokea barabara kubwa. Majani ni marefu: shofere haoni mtu, na mtu haoni gari. Moto inayokimbia kilomita 80 kwa saa inapita metre 22 kwa kila sekunde. Hesabu moja, mbili: imekwisha kupita metre 44.

Kuna dawa ya bei nafuu. Ni mistari iliyoinuka kidogo, inayokata lami kwa upana, michache michache. Tanzania wanaiita rasta. Si dodane. Dodane inamlazimisha shofere apunguze mwendo. Mistari hii inamwamsha. Tairi zikipita juu yake gari linatetemeka na kunguruma, na aliyesinzia au anayeongea kwa simu anainua macho. Ndiyo maana inawekwa mbele kabla ya kufika njia panda, pamoja na kibao, ili abaki na nafasi ya kufunga freni.

Nchini Ghana waliiweka kwenye njia panda ya Suhum, barabara ya Accra na Kumasi. Kati ya mwaka 2000 na 2001, ajali zilipungua karibu asilimia 35, na vifo asilimia 55.

Lakini mistari hii inashika kwenye lami. Barabara zetu nyingi nje ya mji ni za udongo, na mvua ingeiondoa mara moja. Basi tugawe kazi.

Palipo na lami, kikundi kiandike barua, kiipitishe kwa chefu, ifike Office des Routes, wenye kazi ya barabara za taifa. Tuandike ni njia panda gani, watoto wanavuka saa ngapi, na ajali zilizotokea hapo.

Palipo na udongo, tuanze wenyewe. Tukate majani kwenye pembe zote za njia panda. Meza za soko zirudi nyuma, kwa sababu zinaficha watoto. Mtu mzima mmoja awavushe wadogo, kwa zamu.

Jambo moja tusifanye: kulaza gogo au kuchimba mtaro barabarani kwa hasira baada ya ajali. Usiku, moto itakayoanguka hapo inaweza kuwa imembeba mama anayekimbizwa kujifungua.

Mkutano ujao, kila kikundi kije na jina la njia panda moja inayokiogopesha. Tutaanza na hiyo.