Tafakuri ya Kitaaluma katika Afya ya Akili ya Watoto Wachanga: Usimamizi au Ulezi?

1.0 Utangulizi

Mtoto mchanga hawezi kueleza kwa maneno yanayomsibu. Kwa hiyo mtaalamu wa afya ya akili ya watoto wa umri huo hutegemea anachokiona kati ya mtoto na mzazi, pamoja na hisia ambazo uhusiano huo humwamshia yeye mwenyewe. Makala haya yanafafanua utaratibu wa kuzichunguza hisia hizo, kisha yanapima istilahi inayoufaa katika Kiswahili.

2.0 Chimbuko

Utaratibu huu una mizizi zaidi ya mmoja. Mwaka 1948, katika Kliniki ya Tavistock, London, Esther Bick alianzisha zoezi la kumtazama mtoto mchanga kama sehemu ya mafunzo ya tiba ya kisaikolojia kwa watoto. Mwanafunzi huitembelea familia saa moja kila wiki. Haandiki chochote akiwa humo. Huandika baadaye, na maelezo yake hujadiliwa katika semina ndogo.

Huko Michigan, Marekani, Selma Fraiberg na wenzake walieleza katika makala yao ya mwaka 1975 jinsi machungu ya utotoni mwa mzazi yanavyoweza kujirudia katika malezi ya mwanawe. Mama mmoja hakuwa akikiitikia kilio cha mtoto wake. Kilio chake mwenyewe kiliposikilizwa, alianza kukisikia cha mtoto.

3.0 Utendaji

Anayesikiliza naye huhitaji kusikilizwa. Muuguzi akimwona mama asiyemjali mtoto aliaye, aweza kumkasirikia mama huyo au kutamani kumpokonya mtoto. Katika kikao chake cha kawaida na mwenzake mzoefu, haulizwi tu alifanya nini, bali pia aliona nini, alihisi nini, na mama yule huenda alihisi nini. Hasira ikitambuliwa huwa chanzo cha maarifa. Isipotambuliwa, mama hujiona amehukumiwa, akaufunga mlango, na mtoto akakosa msaada.

4.0 Istilahi

Neno usimamizi hubeba dhana ya kukagua na kuamrisha. Likitumika peke yake, laweza kumfanya mtaalamu aufiche udhaifu uleule unaopasa kuzungumzwa. Kitenzi lea kina upana zaidi: mlezi humkuza mtoto, lakini chama cha watu wazima nacho huwa na mlezi wake. Hivyo ulezi wa kitaaluma waelekea kuifaa dhana hii bila kumfanya mtaalamu aonekane mtoto.

Hata hivyo, istilahi hiyo haiondoi usimamizi. Usalama wa mtoto unapokuwa hatarini, ukaguzi na hatua za haraka ni lazima. Kazi hizo mbili hazina budi kutofautishwa, hata zinapofanywa na mtu mmoja.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika taaluma hii methali hiyo yamhusu mtaalamu pia, kwani namna anavyosikilizwa huathiri namna atakavyomsikiliza mzazi, na mzazi mtoto wake.