Dereva Mzee Hafukuzwi

Sogeeni, wajukuu, na mwenye simu mkononi aiweke chini kidogo, maana habari zenyewe ni zake.

Kijana mmoja wa Kisarawe alishuka Maili Moja, Kibaha, na simu kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa Nexus 5, ambayo LG waliitengeneza kwa ajili ya Google, ikaanza kuuzwa mwishoni mwa 2013. Kioo hakina ufa, betri amebadilisha, mtandao inashika vizuri. Akaingia kwenye kibanda cha fundi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Imeachwa tu."

Fundi akacheka, maana alielewa. Simu ile iliishia Android 6. Walioiunda wakahamia kwenye simu mpya, na hii ikabaki kama mtoto aliyesahaulika stendi. Fundi akabana kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia. Kwenye kioo kikatokea kile kikaragosi cha kijani cha Android, kimelala chali, kifua wazi, kama mgonjwa mezani kwa daktari.

"Kabla sijamgusa huyu," fundi akasema, "nikifungua kufuli ili niweke mfumo mwingine, kila kitu kinafutika. Picha umehifadhi?"

Kijana akanyamaza. Picha za msiba wa babu yake zilikuwa mle. Basi simu ikawashwa upya, ikachomekwa kwenye kompyuta, picha zikahamishwa zote. Wakati wanasubiri, fundi akamweleza jambo ambalo nami nawaelezeni.

Ndani ya simu kuna programu ndogo zinazoitwa draiva. Moja inajua kuiamrisha kamera, nyingine kioo, nyingine spika. Jina lao ndilo lile tulilolitohoa tukapata dereva wa gari, na kazi hazipishani sana.

Sasa lifikirieni lori la mihogo la kule Maneromango. Boneti yake imechomelewa, michoro ya injini anayo aliyeiunda peke yake, na haitoi. Anayeweza kuliwasha ni dereva mzee mmoja, naye anazungumza Kizaramo tupu, kile cha ndani kabisa. Lori hilo linanunuliwa na mtu wa Kibaha asiyejua Kizaramo hata cha kuombea maji. Akimfukuza mzee, lori litaota majani. Anachofanya ni kumtafuta mtu anayejua lugha zote mbili, anamketisha kiti cha katikati, safari inaendelea.

Simu iko hivyohivyo. Android imejengwa juu ya Linux, kiini alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Ufini. Ila draiva nyingi za kiwandani zimeandikwa kwa kutegemea maktaba ya msingi ya Android, iitwayo Bionic. Linux ya kawaida, ile ya kwenye kompyuta, kwa kawaida hutegemea nyingine, glibc. Ukiwakutanisha hao wawili watatazamana tu. Mkalimani wao anaitwa libhybris, programu iliyoanzishwa na Carsten Munk wa Denmark, na mwaka 2013 kampuni ya Jolla ya Ufini ilitoa simu yake ikimtegemea mkalimani huyohuyo.

  

Mfumo ambao fundi aliuweka ni Ubuntu Touch. Ubuntu ni lile neno la ndugu zetu wa kusini ambalo sisi tunaliita utu; kampuni ya Canonical, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ndiyo iliyolitumia. Aprili 2017 Canonical ikatangaza kuachana na Ubuntu ya simu. Watu wa kujitolea, UBports, wakaiokota na kuendelea kuilea. Mwaka huohuo ukazaliwa mradi wa Halium, kwa sababu kila kundi lilikuwa linahangaika peke yake kumfundisha mkalimani kazi ileile. Kwa Halium, kipande kidogo cha Android hufungiwa kwenye chumba chake, kama banda la uani: dereva mzee anakaa humo na zana zake, na nyumba kubwa inakuwa ya Linux. Nyumba unaweza kuipaka rangi, kuiezeka upya, kubadilisha milango. Banda huligusi.

Na hapo ndipo penye shida, sitawaficha. Kiini cha Linux kwenye Nexus 5 ni namba 3.4, toleo la mwaka 2012, na draiva zake zimeshikamana nacho. Mfumo wa juu ulikuwa unapata masasisho, lakini tundu likionekana ndani ya draiva iliyofungwa, mwenye michoro ndiye wa kuliziba, naye alishaondoka. Wako wengine, wa postmarketOS, walioanza pia 2017, wanaotaka kuikata ile boneti na kujifunza injini yenyewe ili wamwandike dereva mpya. Mimi nawaheshimu zaidi hao, ingawa kazi yao ni ya polepole na mara nyingi kamera ndiyo inayobaki imelala.

Simu ilipowaka, kijana alijaribu kioo, sauti, akampigia dada yake. Vyote sawa. Kisha akatafuta WhatsApp.

"Haipo," fundi akamwambia. "Wenyewe hawajaitengeneza kwa mfumo huu."

"Mjomba, si ungeniambia mapema?"

"Ungeniuliza mapema."

Wakapunguziana bei, kijana akaondoka, jioni akapanda milima ya Pugu kurudi kwao. Usiku akaizima na kuiwasha mbele ya bibi yake, amwonyeshe. Kwanza likatokea jina la Google, na chini yake kikufuli kidogo kimeachwa wazi, alama kwamba simu ilishafunguliwa. Bibi akakisogelea, akakitazama kwa jicho moja.

"Nani kasahau kufunga?"